Alhamisi Niliposema Nusu

Jumatatu, 18 Agosti 1997

Mazoezi ya futiboli yameanza, hii yetu ya Kimarekani ya kurusha mpira kwa mkono. Joto limeshika tangu asubuhi, na mahindi ya nyuma ya uwanja yamerefuka kiasi kwamba mpira ukipita juu ya uzio hatuuoni tena, tunausikia tu ukianguka. Daftari hili nimepewa na mama. Alisema mwaka wangu wa tatu chuoni usipite bila kuandikwa hata neno moja, basi naandika.

Mimi na Eliseo Barrientos tumepewa chumba kilekile cha miaka miwili iliyopita, ghorofa ya pili, dirisha linalotazama mnara wa maji wa mji wa Holm. Kocha Lindqvist ametangaza mbele ya wote kwamba nafasi ya mrushaji iko wazi na sisi wawili tutaigombea. Mrushaji ni mmoja tu. Ndiye anayepewa mpira kwanza, ndiye anayejua kila mwenzake akimbilie wapi, na timu ikishinda au ikishindwa jina linalotajwa mjini ni lake. Mwaka jana lilikuwa langu.

Eliseo amenipiga bega, akasema atakayeshindwa atafua soksi za mwenzake hadi Krismasi. Nimecheka.

Ijumaa, 29 Agosti

Ni Eliseo.

Kocha alibandika karatasi mlangoni baada ya chakula cha mchana. Nimempa Eliseo mkono, nimemkumbatia, nimemwambia anastahili. Anastahili kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Mpira ukitoka mkononi mwake hauyumbi, unakwenda ulikotumwa. Kazi yangu sasa ni kusimama pembeni mwa uwanja na kumpelekea ishara za mikono: Kocha ananinong'oneza mpango, mimi nautia kwenye ishara, yeye anausoma kutoka mbali.

Nimempigia baba simu shambani. Aliniuliza kama mvua imenyesha huku.

Jumamosi, 6 Septemba

Tumeshinda 21 kwa 14. Sikuchafua hata viatu.

Jumamosi, 13 Septemba

Tumeshinda tena, 17 kwa 10, lakini nataka kuandika kilichotokea robo ya tatu.

Eliseo alirusha mpira, na mpira ulikuwa umeshatoka mkononi mwake alipogongwa na jamaa mmoja mnene wa timu ya Iowa. Kichwa kilipiga chini kabla ya mabega. Wote tuliusikia mlio wa kofia ngumu. Akainuka, akapiga makofi, akasimama. Watu wakamshangilia. Nikampa ishara ya mpango wa kukimbiza mpira kushoto. Akanitazama. Nikarudia. Akaendelea kunitazama, kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Mwishoni nikanyoosha tu kidole kushoto, naye akapeleka mpira kushoto.

Bi Marlys, mama anayewatibu wachezaji wa chuo tangu kabla sisi hatujazaliwa, alimsogelea akamuuliza kama yuko sawa. Eliseo akamjibu kwa mzaha kwamba ameona nyota na zote zilikuwa nzuri. Bi Marlys akacheka. Nami nilicheka.

Jumapili, 14 Septemba

Ametapika mara mbili asubuhi. Amefunga pazia, anasema mwanga unamchoma machoni. Nilipomwambia twende kwa Bi Marlys, alinishika mkono kwa nguvu.

"Ukisema, wananitoa, kaka. Unajua wananitoa."

"Ni wiki moja tu."

"Wiki moja ni yaleyale. Nikitoka, nafasi unaichukua wewe, na wewe hurudishi."

Alisema kwa utani, lakini haukuwa utani. Mama yake anafanya kazi kiwanda cha nyama kule Lexington, na kila Jumatatu wenzake humsomea gazeti wakati wa mapumziko, maana siku hizi limeandikwa jina la mwanawe. Eliseo alinikumbusha hilo. Nikaapa. Nilijiambia ninanyamaza kwa sababu ni rafiki yangu. Na kwa kweli pale ilikuwa hivyo. Au sehemu kubwa ilikuwa hivyo. Kuna sehemu nyingine iliyoogopa kuitwa mwenye wivu.

Jumatano, 17 Septemba

Hatapiki tena. Anasahau funguo.

Jumamosi, 20 Septemba

24 kwa 7. Tumebuni njia. Namwandikia mipango kwa herufi kubwa kwenye kitambaa anachovaa mkononi, na ishara nampelekea mara mbili: kwanza ile ya Kocha, kisha ya kwangu, kidole tu, huku au kule. Yeye anasubiri ya pili. Hakuna aliyegundua.

Nakiri nimefurahi leo. Kichwa ni changu na mkono ni wake, na mimi na yeye tu ndio tunajua. Katika basi alilala begani pangu njia nzima kutoka South Dakota.

Jumamosi, 27 Septemba

Amegongwa tena. Halikuwa pigo kubwa, goti la mchezaji mwenzetu lilimpata pembeni mwa kofia walipoangukiana. Aliinuka polepole. Baada ya mchezo aliniuliza matokeo. Baada ya dakika kumi akaniuliza tena.

Tulishinda 20 kwa 13.

Jumamosi, 4 Oktoba

Ushindi wa tano. Chuo chetu kidogo cha Ansgar hakijawahi kuanza hivi. Duka la vifaa vya kilimo limetundika bango lenye jina la timu yetu: KORONGO HAWASHIKIKI. Picha ya Eliseo imetoka kwenye gazeti la Omaha. Nyuma yake, pembeni kabisa, kuna kiwiko ambacho ni changu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ushindi wa sita. Robo ya nne amepiga kichwa chini tena. Ni mara ya tatu.

Alipovua kofia alikuwa analia, na hakujua kama analia. Nilimfuta uso kwa taulo kabla Bi Marlys hajafika, nikamwambia mama wa watu kwamba ni jasho na furaha.

Jumanne, 14 Oktoba

Kocha ameniita ofisini. Alinikaribisha kiti, akanisifu sana kwa moyo wangu wa timu. Halafu akaniambia kwamba mwaka ujao, ambao ni wa mwisho kwangu na kwa Eliseo pia, angependa nijifunze kazi nyingine: kumshikia mpira mpiga teke. Alisema Eliseo ni wetu hadi mwisho, kwa hiyo hakuna maana ya mimi kuendelea kusubiri mlango ambao haufunguki.

Nilimshukuru. Nilitoka nikaenda kukaa kwenye ngazi za maktaba hadi mtu wa kufagia akaniomba nisogee.

Chumbani nilimkuta Eliseo na wachezaji wanne. Hakujua niliyoambiwa. Akasema, "Jamani mpisheni Wade akae, kazoea benchi huyo, miguu itamuuma." Wakacheka. Ni mzaha alioutoa mara mia na mara mia nimecheka. Leo sikucheka, na hakuna aliyeona.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimekwenda kwa Bi Marlys.

Nataka kuandika kama ilivyokuwa, maana nimeshaanza kuisikia ikijipamba kichwani mwangu.

Alikuwa peke yake kwenye chumba chake kinachonuka dawa ya kuchua, anakunja bandeji. Nikamwambia kwamba kichwa cha Eliseo si kizima. Kwamba anaumwa, mwanga unamsumbua, anasahau. Akaziweka bandeji chini.

"Tangu lini, mwanangu?"

Nilikuwa na jibu. Limeandikwa humu kwa mkono wangu. Lakini kama ningesema Septemba, angeniuliza nilikuwa wapi tangu Septemba, nami ningelazimika kumweleza kile kitambaa, na kidole, na taulo.

"Tangu Jumamosi," nikasema.

"Ni mara ya kwanza?"

"Ninavyojua mimi, ndiyo."

Akaandika. Nilimwona akiandika. Kisha akanishika shavu, kama ninavyoshikwa na bibi yangu, akasema wengi wasingekuja, maana watu wangesema nimefuata nafasi. "Lakini wewe umekuja," akasema. "Sitamwambia mtu kwamba ni wewe."

Ningekwenda tarehe kumi na nne Septemba ningekuwa rafiki. Nimekwenda leo kwa sababu ya Jumanne. Nilipokuwa sihitaji chochote nilinyamaza, na nilipohitaji nikasema, tena nikasema nusu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tumeshinda 35 kwa 21. Nimecheza mimi.

Nimerusha mara tatu hadi mwisho wa uwanja. Baba alishuka jukwaani, akaruka kamba, akanikumbatia nikiwa na jasho na matope, mtu ambaye hatukumbatiani naye hata kwenye mazishi. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote maishani mwangu. Sitadanganya humu.

Eliseo alisimama pembeni na koti. Yeye ndiye aliyenipa ishara.

Jumapili, 19 Oktoba

Eliseo anaamini Bi Marlys aligundua mwenyewe. "Yule mama ana macho ya mwewe," aliniambia. "Afadhali wewe hukusema, ningekuua." Nilikuwa nafunga viatu. Niliendelea kuvifunga.

Jumamosi, 25 Oktoba

Theluji imeanguka kabla ya wakati wake. Miti ilikuwa bado ina majani, ikashindwa kubeba, na tangu alfajiri tunasikia matawi yakivunjika mji mzima. Mchezo umefutwa. Timu nzima tumekwenda kukata matawi barabarani na kuwasafishia wazee njia za magari. Umeme hakuna.

Eliseo alikuja pia, amevaa miwani ya jua. Nilimwambia theluji inang'aa, arudi ndani. Akaniambia nisiwe mama yake. Alinyanyua tawi moja, akalishusha, akajishikilia kwenye gari la mtu. Aliponiona nikimtazama alitabasamu.

Jumatano, 29 Oktoba

Bi Marlys na daktari wa mjini wamemruhusu Eliseo kucheza. Aliwaambia kichwa hakijamuuma kwa siku kumi na mbili. Nalala chumba kimoja naye na najua kila kidonge anachomeza.

Nilikutana na Bi Marlys koridoni. Alikuwa na furaha, akanieleza bila mimi kuuliza. "Kwa pigo la kwanza, kama dalili zimekwisha, wiki mbili zinatosha. Lingekuwa la pili au la tatu nisingemruhusu hadi mwakani. Lakini wewe ulituwahisha."

Nilisimama pale. Alikuwa na faili kwapani. Neno lilikuwa moja tu: tatu. Nilifikiri nikilisema ataniona mwongo, na Kocha ataniona mwongo, na Eliseo atajua ni nani aliyesema, na mji mzima utasema nimeng'ang'ania jezi. Yote hayo yalikuwa ya kweli. Nikamwambia nashukuru, nina darasa.

Sikuwa na darasa.

Jumamosi, 1 Novemba

Naandika hospitalini, Omaha, saa za mchana zimekwisha na sijui nianzie wapi. Nitaanzia mwanzo.

Wageni walitoka Kansas, jezi nyeupe, benchi lao upande wa mashariki. Theluji ilikuwa imesukumwa pembeni ikawa ukuta mchafu kuzunguka uwanja. Mama yake Eliseo alikuwepo. Alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa mara ya kwanza msimu huu, akakaa safu ya mbele na blanketi miguuni, na kabla ya mchezo alinipungia mkono, mimi pia, kama anavyofanya siku zote.

Robo ya kwanza Eliseo alicheza vizuri. Nilimpa ishara mara mbili kama zamani. Mikono yangu ilifanya yenyewe.

Robo ya pili alishika mpira, akatafuta wa kumrushia, akachelewa. Walimpata wawili, mmoja kifuani na mmoja nyuma. Nilimwona akianguka, nikamwona akiinuka peke yake. Watu wakapiga makofi. Akavua kofia na kuanza kutembea kutoka uwanjani, taratibu, amenyooka, kama mtu anayekwenda nyumbani baada ya kazi.

Alikwenda benchi la mashariki. Akakaa kati ya watu wa Kansas, akachukua chupa yao ya maji, akaishika bila kunywa.

Jukwaani watu walicheka. Mchezaji wao mmoja alimwonyesha upande wetu kwa kidole, naye akacheka, akidhani ni kejeli. Bendi yetu ikapiga ngoma kidogo kunogesha. Mimi nilianza kukimbia. Nilikatiza uwanja mzima, refa akanipigia filimbi, Kocha akaniita jina, sikusimama.

Nilipiga goti mbele yake. Mboni ya jicho moja ilikuwa imetanuka hadi jicho likawa jeusi lote.

"Eli, twende kwetu."

Alinitazama mikononi, si usoni. Alikuwa anaitafuta mikono yangu.

"Nipe ishara," akasema, na maneno yalikuwa mazito kinywani kama amelewa. "Nipe ishara, Wade. Siioni."

Nikanyoosha kidole kuelekea upande wetu. Akasimama, akapiga hatua mbili, akaniangukia.

Nilimshika. Mzito. Nikamlaza, nikamwita Bi Marlys, naye alikuwa ameshafika, nikamwona anamfunua jicho na nikamwona uso wake ukibadilika. Uwanja mzima tukasikia bendera ikipigapiga mlingoti. Mama yake alipanda ule ukuta wa theluji kwa magoti na mikono.

Helikopta ilitua katikati ya uwanja. Mimi nilikuja kwa gari la baba. Baba aliendesha kwa muda wa saa mbili.

Jumapili, 2 Novemba

Walimfungua kichwa jana. Yuko hai.

Asubuhi daktari wa upasuaji alitoka kuzungumza nasi. Ni mwanamke mfupi, sauti ya chini, alikuwa bado na alama ya kofia ya kazi kwenye paji. Mimi, Mama Barrientos na Bi Marlys tulisimama. Alisema chini ya damu mbichi amekuta damu ya zamani, na haielewi, maana faili iliyokuja naye inataja pigo moja tu. Akatutazama mmoja mmoja.

"Kabla ya jana aligongwa mara ngapi? Nahitaji idadi, si maelezo."

Bi Marlys alisema ni mara moja tu. Alisema kwa uhakika wa mtu aliyeandika mwenyewe.

"Mara tatu," nikasema. "Tarehe kumi na tatu Septemba, tarehe ishirini na saba, na tarehe kumi na moja Oktoba. Ya kwanza alitapika."

"Faili inasema moja."

"Faili iliandikwa nilivyosema mimi. Nilidanganya."

Daktari alinitazama kidogo tu, akaandika, akarudi ndani. Hana nafasi ya kunichukia, ana kazi.

Bi Marlys alikaa chini. Aliniuliza kitu kimoja, kwa sauti ndogo: kwa nini sikumwambia Jumatano, pale koridoni, alipokuwa na faili kwapani. Nikamjibu kwamba niliogopa ataniona mwongo. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayehesabu, akaniambia kwamba kwa miaka ishirini na sita amekuwa akiwauliza wachezaji wenyewe, na alijua wachezaji hudanganya. Ndiyo maana mimi alinisadiki.

Mama Barrientos alikuwa ameelewa kila kitu. Miaka yote amekuwa akiniita mwanangu. Alichukua mkoba wake na blanketi lake, akaenda kukaa kiti cha mwisho, mbali na mimi, akageukia ukuta.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemweleza Kocha kila kitu na nimemrudishia jezi. Hakuipokea mara moja. Alisema timu imebaki na mrushaji mmoja wa mwaka wa kwanza, na mji unanihitaji Jumamosi, na kujiadhibu hakumponyi Eliseo. Nikaiacha mezani.

Nilipofika mlangoni akaniita. Niliwahi kumwona mtu huyu kama jiwe; leo alikuwa mzee tu mwenye koti kubwa. Akaniambia kwamba aliziona ishara zangu za mara mbili tangu mchezo wa tatu. "Nikajua kuna kitu. Sikuuliza, kwa sababu tulikuwa tunashinda."

Nilidhani kusikia hivyo kungenipunguzia mzigo. Hakukunipunguzia. Wenye hatia tumekuwa wawili tu.

Jumamosi, 8 Novemba

Tumefungwa 31 kwa 3. Nilikuwa koridoni hospitalini, nimesikia kwa mtu.

Jumatatu, 10 Novemba

Ameamka vizuri na anazungumza. Maneno yanamjia polepole, mengine anayakosa na kukasirika. Vidole vya mkono wa kulia havikunjiki.

Na hakumbuki. Anakumbuka joto la Agosti, mahindi, karatasi mlangoni. Baada ya hapo hakuna kitu. Msimu wote umefutika. Aliponiona mlangoni alifurahi, akaniita kaka.

Jumamosi, 15 Novemba

Mchezo wa mwisho wa msimu. Eliseo aliomba redio. Tulikaa watatu, yeye, mama yake na mimi.

Kabla sijaingia, Mama Barrientos alinizuia mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza nami tangu Jumapili ile.

"Sijamwambia," akasema. "Anadhani unakuja kwa sababu ni rafiki mwema. Hilo si langu kumwambia, Wade. Ni lako."

Tukasikiliza. Yule wa mwaka wa kwanza alicheza kwa ujasiri, tukapoteza kwa pointi mbili. Eliseo alitaka kujua msimu ulivyokwenda. Nikamwambia michezo sita ya kwanza tulishinda yote. Akauliza nani alirusha. Nikamwambia ni yeye. Akatabasamu upande mmoja wa uso, ule unaotabasamu, akasema, "Na wewe ulikuwa unanipa ishara."

Mama yake akasimama, akasema anakwenda kutafuta kahawa.

Nikazima redio, nikamwambia. Nilianza na tarehe kumi na tatu Septemba, nikaenda mchezo kwa mchezo. Pazia, kiapo, kitambaa, taulo. Nilimwambia jinsi alivyonisihi, halafu nikaona nimelisema hilo kwa haraka kupita mengine, nikalirudia polepole ili lisionekane ngao. Nikamwambia kuhusu Alhamisi na neno nililolisema, na kuhusu Jumatano na neno ambalo sikulisema.

Alisikiliza akiwa ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto.

"Alhamisi. Ulienda... kwa nini?"

"Kocha alikuwa ameniambia sitacheza tena."

Alikuwa akitafuta maneno, na nilijua akiyapata nitayastahili.

"Ungeniambia unaitaka jezi," akasema. "Tungepigana. Ingeisha."

Kisha akageukia ukuta, kama mama yake alivyogeuka. "Nenda."

Jumapili, 16 Novemba

Nimekwenda. Muuguzi akasema hataki.

Jumanne, 18 Novemba

Hataki.

Ijumaa, 21 Novemba

Hataki. Nimekaa koridoni kwa muda wa saa tatu na Mama Barrientos. Alifungua foili, akanipa tamale moja ya moto, ule mkate wao wa mahindi wenye nyama ndani, naye akala moja.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani, nyumbani. Bata mzinga, shangazi wote. Kabla ya kula kila mtu hutaja anachoshukuru. Ilipofika zamu yangu nikasema waniruke, wakaniruka.

Baadaye nilikuwa zizini na baba tukivunja barafu kwenye maji ya ng'ombe. Nikamsimulia hata yale ambayo hakuyajua, pamoja na ile furaha ya tarehe kumi na nane aliponikumbatia. Alivunja barafu hadi ikaisha. Akasema anapenda kuamini kwamba angekuwa mimi angesema mapema, lakini akijitazama vizuri hajui angesema lini. Akasema niendelee kwenda Omaha hata kama mlango haufunguki, na nisiende ili wanione.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimefika saa nne asubuhi. Muuguzi alinionyesha mlango. Ulikuwa umeachwa wazi.

Leo anaruhusiwa kurudi Lexington. Chuo hadi mwakani, kama atarudi, na mpira basi. Mama yake alikuwa ameshuka chini kusaini karatasi. Eliseo alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, nywele zimeanza kuota juu ya mshono, amevaa shati jipya zito. Vifungo vya mbele alikuwa amevifunga mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kimoja kimekosa tundu lake. Kilichobaki kilikuwa kifungo cha mkono wa kushoto wa shati, na mkono wake wa kulia haukiwezi. Alikuwa akijaribu. Vidole vilikuwa vikiteleza. Sijui alikuwa amejaribu kwa muda gani.

Nilisimama mlangoni. Aliniona. Sikusema pole, nimeshaisema, wala sikuuliza kama nimsaidie.

Alijaribu tena mara mbili. Halafu, akitazama dirishani, akaninyooshea mkono.

Nikaenda, nikapiga goti kwenye ile sakafu, nikakifunga. Tundu lilikuwa dogo, ikanichukua muda. Hakuuvuta mkono. Nilipomaliza akautazama, akaushusha juu ya goti.

"Umekibana sana," akasema.

Nikakifungua nikaanza upya.